Kiti cha mtoto ndani ya pikapu: angalia kabini kwanza



Kazini wewe ni mtu wa kufuata sheria. Huingii kwenye karieri bila kofia ya usalama, husogelei mashini bila viatu vyenye chuma mbele, na ukipanda motokari ya kazi unafunga mkaba wa usalama, ule ambao mashofere wanauita sentire, kabla moto haujawashwa. Hakuna anayekukumbusha tena. Lakini siku ya Mungu inafika, unatoka na bibi na watoto kwenda kuamkia wakwe, na pikapu yako mwenyewe unaipakia kama mtu anayepakia makala: mtoto wa kunyonya juu ya magoti ya mama, wa pili amesimama katikati na mikono juu ya tabloo, wakubwa wawili wamekaa nyuma kwenye bene juu ya mfuko wa unga. Na wewe umefunga mkaba wako, sababu mkono umezoea. Ndani ya motokari nzima mtu mmoja tu ndiye aliyefungwa, na ni yule mwenye mifupa migumu kupita wote.

Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya kiti cha mtoto, na sana sana namna ya kukifunga ndani ya pikapu ndogo kama Toyota Hilux, Nissan, Isuzu au Mitsubishi L200. Motokari hizi zinapendwa huku kwetu, na si bure. Zinapita barabara mbaya, zinabeba mahindi, zinabeba vitanda siku ya kuhama. Lakini aliyezichora alifikiri mzigo kwanza, watu baadaye, na watoto mwisho kabisa. Kwa hiyo mzazi anaweza kununua kiti kizuri cha bei kali, akakifikisha nyumbani kwa furaha, kisha akaona kwamba hakuna pahali pa kukiweka. Ndiyo sababu tunasema: anza kuangalia kabini, ndipo uangalie kiti.

MAGOTI YA MAMA

Mama wengi wanajibu: «Mimi ninamshika mtoto wangu kwa nguvu, hawezi kuniponyoka.» Tunaamini nguvu yao. Tatizo ni hesabu.

Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa, mbio ya kawaida ya mjini, ikigonga mti au nyuma ya kamyoni, inasimama kwa ghafula. Lakini vyote vilivyomo ndani bado vinakwenda kilometa 50. Kupigwa kwa mbio hiyo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya meta 10, ndio urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Kwa kilometa 80, mbio ambayo wengi wanaipita kwenye barabara ya Lubumbashi na Likasi, ni sawa na kuanguka meta 25. Angalia vizuri namba hizo mbili: mbio haikuongezeka hata mara mbili, lakini urefu wa kuanguka umepita mara mbili na nusu.

Sasa chukua mtoto wa kilo 10, yule anayekaribia mwaka mmoja. Kwa kilometa 50, kama mwili wake unasimamishwa ndani ya nusu meta, anavuta mikono ya mama kwa uzito wa karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minane ya unga ya kilo 25, na inafika yote pamoja, ndani ya muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Hata yule kijana wetu wa ujenzi anayebeba mifuko miwili ya saruji kwa mashindano hataishika. Mtoto anatoka mikononi na kwenda kwenye kioo, na mama hajajua bado kwamba kuna kitu kimetokea.

Wengine wanamfunga mtoto na mama ndani ya mkaba mmoja. Hapo ni vibaya zaidi. Mama wa kilo 60 naye anazidishwa mara 20, anakuwa kama kilo 1.200, na mtoto yuko katikati yake na mkaba. Kumbeba mtoto mgongoni kwa kitenge ndani ya kabini ni jambo lile lile kwa upande mwingine: motokari ikigongwa nyuma, mama anamponda mtoto kwenye mgongo wa kiti. Kitenge ni kitu kizuri kwa kutembea kwa miguu.

Na mkaba wa mtu mzima peke yake? Ulitengenezwa juu ya mwili wa mtu mzima. Mkaba wa pembe tatu, ule unaopita begani na kwenye nyonga, ulitengenezwa na injinia Nils Bohlin wa Volvo, Uswidi, katika mwaka 1959, na umeokoa watu wengi sana ulimwenguni. Unafanya kazi sababu unashika mifupa mikubwa ya nyonga na ya kifua. Mtoto bado hana nyonga ya kushika. Mkaba unapanda tumboni, unakata ini na matumbo, na sehemu ya juu inapita shingoni.

Shingo ndiyo habari kubwa kwa mtoto mchanga. Kichwa chake ni karibu robo moja ya urefu wa mwili wake wote, na mifupa ya shingo haijakomaa. Akikaa kuangalia mbele na motokari ikasimama ghafula, mwili unashikwa na kamba, kichwa kinaendelea, na shingo ndiyo inayolipa. Katika miaka ya 1960 profesa mmoja wa Uswidi, Bertil Aldman, alitazama namna wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini walivyolazwa, mgongo ukipokea msukumo wote. Akageuza kiti cha mtoto: uso kuangalia nyuma ya motokari, mgongo kuelekea mbele. Motokari ikigonga, kichwa, shingo na mgongo vinasukumwa pamoja ndani ya kiti, kama mtu aliyeegemea ukuta. Viti vyote vya watoto wachanga leo vinafuata wazo hilo. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeandika kwamba kiti kilichofungwa vizuri kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya motokari kwa karibu 70 kwa mia.

Tunajua kuna wazee watakaosema: «Sisi tulikua bila viti hivyo, na tuko wazima.» Ni kweli, wako wazima. Wale ambao hawakukua hawafiki kwenye baraza kutoa ushuhuda wao.

KABINI ZA NAMNA TATU

Pikapu ya kabini moja ina kiti cha mbele tu. Kwa hiyo mtoto atakaa mbele, utake usitake, na hapo lazima ujue kama upande wa abiria una erbagi, yaani mfuko wa hewa unaojificha ndani ya tabloo. Soma kwenye tabloo na juu ya kile kibao cha kuzuia jua: mara nyingi utaona picha ya kiti cha mtoto iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Erbagi inatoka kwa mbio ya zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Kwa mtu mzima aliyefunga mkaba ni msaada. Kwa mtoto aliyelala ndani ya kiti kinachoangalia nyuma, ambaye kichwa chake kiko karibu kabisa na tabloo, ni nyundo. Watoto walikufa namna hiyo katika aksidenti ndogo ambazo wazazi walitoka bila hata kukwaruzwa. Pikapu nyingi zina kifungo cha kuzima erbagi ya abiria kwa ufunguo, pembeni ya tabloo au ndani ya kisanduku cha karatasi. Zima, kisha angalia taa ya kuonyesha kwamba imezimwa kweli. Kama pikapu yako ina erbagi upande huo na haina kifungo, kiti kinachoangalia nyuma hakiwekwi mbele hata siku moja, hata kwa safari ya kufika sokoni. Wala usimruhusu fundi wa pembeni ya barabara akate waya. Pikapu za zamani ambazo hazina erbagi kwa abiria zinaweza kubeba kiti hicho mbele. Hapo sukuma siti nyuma mpaka mwisho.

Na ile nafasi ya katikati, karibu na levya ya vitesi? Mara nyingi ina mkaba wa kiunoni tu, na tabloo iko karibu. Si pahali pa mtoto mkubwa anayekalia kiti cha kuinua, sababu kiti hicho kinahitaji mkaba unaopita begani. Na mtoto mdogo hapo anaweza kusukuma levya kwa miguu.

Pikapu ya kabini na nusu ndiyo inayodanganya watu wengi. Nyuma ya siti za mbele kuna viti viwili vidogo vya kukunja, na baba anasema: «Hapa ni pahali pa watoto, tazama vidogo vyenyewe!» Kama viti hivyo vinaangalia pembeni, mlango kwa mlango, havifai kwa kiti cha mtoto hata kidogo. Kiti cha mtoto kilijaribiwa kikiangalia mbele au nyuma. Ukikiweka pembeni, kamba zote zinashika mahali ambapo nguvu haitoki. Hata mtoto aliyekaa hapo bila kiti anatupwa kwa ubavu, shingo ikikunjwa upande. Kama viti vinaangalia mbele, pima: mto wa siti mara nyingi ni mfupi, na kiti cha mtoto kinaning'inia. Zaidi ya sehemu moja juu ya tano ikitokea nje, hakuna kazi hapo.

Kabini mbili, yenye milango minne na siti kamili ya nyuma, ndiyo nzuri. Mtoto anakaa nyuma, mbali na kioo cha mbele na mbali na erbagi. Matatizo yake tutayaona sasa hivi.

Juu ya bene tutasema neno moja tu. Hakuna mkaba kwenye bene. Pikapu ikiyumba kidogo kukwepa shimo, mtoto anatoka kabla ya mzigo, sababu mzigo umefungwa kwa kamba na yeye hakufungwa.

HESABU YA SAFARI

Tuseme unakaa Kolwezi. Simu inafika: kuna kilio Likasi, karibu kilometa 180. Una pikapu ya kabini moja isiyo na erbagi, una bibi, na watoto watatu: wa miezi minane, wa miaka minne na wa miaka tisa. Nafasi ni tatu, na moja ni yako. Mdogo ananyonya, lazima afuatane na mama. Kiti chake kinafungwa upande wa dirisha ambako mkaba ni wa pembe tatu, mama anakaa katikati na mkaba wa kiunoni. Pikapu imejaa. Wale wawili wanabaki kwa nkambo au kwa jirani wa kambi.

Tunajua kwamba hesabu hii inauma. Kilio ni kilio, na jamaa watauliza watoto wako wapi. Lakini idadi ya mikaba ndiyo idadi ya watu, kama vile kule kazini kibati cha lifti kinavyosema watu wangapi, na hakuna anayebishana nacho.

Sasa tuseme mdogo wako anakuazima pikapu yake ya kabini mbili. Siti ya nyuma ina mikaba ya pembe tatu pembeni na wa kiunoni katikati. Wazazi wengi wangeweka yule wa miaka tisa katikati, sababu ndiye mkubwa. Fanya kinyume. Mkubwa anakalia kiti cha kuinua, na kiti hicho hakina kamba zake chenyewe: bila mkaba wa begani hakina maana. Yule wa miaka minne ana kiti chenye kamba zake za mabega, na viti vingi vya namna hiyo vinaweza kushikwa kwa mkaba wa kiunoni kama kitabu chake kinaruhusu. Basi wa miaka minne anakwenda katikati, mkubwa pembeni, mchanga pembeni upande mwingine. Kama viti vitatu havienei (na ndani ya pikapu ndogo mara nyingi havienei), mkubwa anaweza kuja mbele na kiti chake cha kuinua, siti imesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mama anakaa nyuma katikati ya wadogo. Jaribu yote haya siku moja mbele ya safari, mchana. Asubuhi ya kilio, saa kumi na moja, na watu wanapiga honi, utakosea.

NAMNA YA KUKIFUNGA

Kiti kinachaguliwa kwa kilo na urefu wa mtoto, si kwa uzuri wa kitambaa. Kilo zake zimeandikwa kwenye karatasi ya CPS ya kliniki. Ichukue ukienda dukani. Kwenye kiti tafuta karatasi ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya mviringo na namba ya sheria, R44 au R129. Hapo ndipo pameandikwa kiti kinabeba mtoto wa kilo ngapi au urefu gani. Mtoto aangalie nyuma muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Sheria ya R129 inataka angalau kufika miezi 15, na ukizidisha unazidi kumsaidia. Miguu ikikunjwa usiogope. Mtoto anajua kukunja miguu.

Ndani ya kabini mbili nafasi ya magoti ni ndogo, na kiti kinachoangalia nyuma kinakula nafasi nyingi. Kwa kawaida kitaingia nyuma ya abiria, si nyuma ya shofere. Shofere asikubali kukaa amebanwa, kifua karibu na volani, ili kiti kienee. Fikiria pia mlango. Sisi tunakwenda kwa kuume, kwa hiyo mlango wa salama wa kushusha mtoto ni wa kuume. Ndani ya pikapu zilizotoka Japani na volani kwa kuume, abiria yuko kwa kushoto, upande wa motokari zinazopita. Kama umefunga kiti nyuma yake, tafuta pahali pa kusimama mbali na barabara, nje ya mstari, mbele ya kufungua mlango.

Mgongo wa siti ya nyuma ndani ya pikapu umesimama wima kama benchi la kanisa, sababu ukuta wa kabini uko pale pale. Hapo mtoto mchanga anaweza kukaa wima kupita kiasi. Kichwa kinaanguka mbele na pumzi inazibwa. Hiyo ni hatari hata kama motokari haijagonga kitu. Viti vingi vina alama ya kuonyesha mlalo wake. Kama alama haikubali, na kama kitabu cha kiti kinaruhusu, kunja kitambaa kama mkate mrefu, ukitie chini ya kiti cha mtoto pale mto wa siti unapokutana na mgongo wake, mpaka alama ikae sawa. Kwa kiti kinachoangalia mbele tatizo ni la namna nyingine: mto wa kichwa wa siti unasukuma kiti cha mtoto, kinabaki mbali na mgongo. Ondoa huo mto kama unaondoka, uuweke nyumbani, si ndani ya kabini.

Kufunga kwenyewe kunataka nguvu. Pitisha mkaba pale kiti kinapoonyesha (mara nyingi njia ya kuangalia mbele ina rangi nyekundu na ya kuangalia nyuma ina rangi ya buluu, usizichanganye). Funga kifungo. Weka goti lako ndani ya kiti, uegemee kwa uzito wako wote, na wakati huo vuta mkaba mpaka umekwisha kulegea. Kisha shika kiti pale mkaba unapopita, ukitikise kushoto na kuume. Kikisogea zaidi ya santimeta mbili na nusu, anza upya. Usikitikise kwa juu, pale lazima kitacheza. Angalia pia kwamba kile kifungo cha mkaba hakikalii pembe ngumu ya kiti cha mtoto, sababu siku ya aksidenti kinaweza kuvunjika hapo.

Pikapu mpya zina pete za chuma za ISOFIX, zilizofichwa kati ya mto na mgongo wa siti. Zitafute kwa vidole. Kiti chenye miguu ya ISOFIX kinaingia na kulia «tak» mara mbili.

Kiti kinachoangalia mbele kina pia kamba ya juu, na hapa ndipo watu wa pikapu wanashindwa. Ndani ya motokari ya kawaida pete ya kamba hiyo inaonekana nyuma ya siti. Ndani ya pikapu nyuma ya siti kuna ukuta, na pete imejificha katikati. Mara nyingi lazima ukunje mgongo wa siti mbele, utie mkono, na utaona pete ya chuma au mkanda wa kitambaa ulioshonwa. Namna ya kupitisha kamba si moja kwa pikapu zote. Kitabu cha pikapu kinaonyesha kwa picha. Tafadhali usichoke hapo. Bila kamba ya juu, kichwa cha mtoto kinakwenda mbele zaidi, na ndani ya kabini fupi siti ya mbele iko karibu. Na usiifunge kwenye ndoano ya mizigo au kwenye chuma cha bene kupitia dirishani, kama fundi mmoja alivyotuonyesha kwa majivuno.

Kisha mtoto mwenyewe. Kamba za mabega zitoke usawa wa mabega au chini kidogo kama anaangalia nyuma, usawa wa mabega au juu kidogo kama anaangalia mbele. Zikaze mpaka vidole viwili vyako vishindwe kufinya mkunjo wa kamba begani. Katika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya baridi, mama wanamvika mtoto koti nene kisha wanamfunga. Koti linabonyea siku ya kugonga, na mtoto anabaki amelegea ndani ya kamba zilizoonekana kukazwa. Mfunge na nguo nyepesi, halafu umfunike blanketi juu ya kamba.

Mtoto mkubwa anaacha kiti cha kuinua kama urefu wake umefika kati ya meta 1,35 na 1,50, mgongo wake unafika nyuma ya siti na magoti yanakunjika pembeni ya mto. Wengi wanafika hapo wakiwa na miaka 10 mpaka 12. Mkaba upite chini juu ya mapaja na katikati ya bega. Akiupitisha chini ya kwapa, mrudishe.

Usisahau vitu vilivyo ndani ya kabini. Ile jeki ya kilo 5 chini ya miguu, kwa hesabu yetu ya juu, inaruka kama kitu cha kilo 100. Ipeleke kwenye bene.

KITI CHA KUNUNUA, KITI CHA KUPEWA

Kiti kipya ni ghali, hatuwezi kuficha. Wengi watanunua kilichokwisha kutumiwa. Hakuna ubaya kama unamjua aliyekitumia na anaweza kukuambia kwa kinywa chake kwamba hakikuwahi kuwa ndani ya motokari iliyogonga. Kiti kilichopita aksidenti kinaweza kuwa kizuri kwa macho, na plastiki yake imekwisha kupasuka kwa ndani. Kama karatasi ya rangi ya machungwa imebanduliwa, kamba zimeshonwa upya kwa uzi wa nyumbani au kifungo hakilii, kiache sokoni. Tarehe ya kutengenezwa imechapwa chini ya plastiki, na mara nyingi muda wa mwisho nao umeandikwa pale.

Tulimwona pia mfanyakazi mmoja ambaye aliwaomba maseremala wamtengenezee kiti cha mbao, kizuri sana, kimepakwa vernisi. Mapenzi ya baba tunayasifu. Lakini mbao hazibonyei, zinavunjika na kuwa mikuki. Kile kiti sasa mtoto anakilia chakula.

Vumbi letu jekundu linaingia ndani ya kifungo mpaka kinakataa kufunga. Kisafishe kwa maji ya vuguvugu tu na ukiache kikauke. Usitie mafuta wala grisi, na usifue kamba kwa javeli. Kama pikapu ile ile inakupeleka kazini, usiweke ovaroli na viatu vya kazi juu ya kiti cha mtoto. Vumbi la madini lililo ndani ya nguo zako ni lako la kuoga, si lake la kulamba. Katika mwezi wa kumi, joto likikaza, gusa kile chuma cha kifungo kwa mkono mbele ya kumkalisha, na usimwache ndani ya kabini iliyofungwa hata kama unasema unanunua mkate tu: ndani ya dakika 20 joto la ndani linaweza kupanda digri 10 na zaidi.

Na kama aksidenti imetokea na mtoto ametoka mzima, kiti kimekwisha kazi yake. Usikiuze, usimpe ndugu. Mbele ya kukitupa, chukua kisu ukate kamba zake zote, sababu ukikiacha kizima kwenye jalala, jioni ile ile mzazi mwingine atakiokota.